Usisimamishe Kijani Kabla Hujatazama Ndani: Usalama wa Watoto na Abiria Katika Motokaa

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama na jamaa zao hapa Kariandusi. Yamechapwa kwa faida ya wale ambao walikuwa kazini siku ile.)



Halmashauri ya tawi imetutaka tuseme juu ya usalama wa watoto na abiria katika motokaa. Huenda mtu akauliza: Ninyi ni watu wa reli, habari za motokaa zawahusu nini? Na chama ni cha mishahara, saa za kazi na nyumba. Mambo ya mkanda wa kiti yametoka wapi?

Twajibu hivi. Mshahara tunaoudai twaudai kwa ajili ya jamaa zetu. Kama baba amepata nyongeza leo, na kesho mtoto wake akaletwa nyumbani amefunikwa shuka kwa sababu alikuwa amesimama katikati ya viti viwili vya gari, nyongeza ile ni ya nani? Tena sisi tunaokaa hapa hatuwezi kusema kwamba barabara haituhusu. Barabara kuu ya Nairobi na Nakuru yapita mlangoni petu. Yashuka kutoka Gilgil, yateremka hapa Kariandusi, yapita juu ya ziwa la Elementaita, ndipo yaende Mbaruk, Lanet na Nakuru. Malori ya Uganda, Rwanda na Kongo, mabasi ya Kisumu na Eldoret, matatu za Gilgil, Probox za watu wa soko, wote wako katika njia hiyo moja. Na watoto wetu huivuka au hupandishwa garini kila asubuhi.

HABARI YA METHALI MOJA

Kuna methali inayosemwa kila mahali penye matanga: Ajali haina kinga. Hatutaki kuwadharau wazee waliotuachia maneno hayo, kwa kuwa yalikusudiwa kumfariji mtu aliyefiwa. Lakini siku hizi yamegeuzwa kuwa kisingizio cha mtu ambaye hakufanya kazi yake.

Sisi watu wa reli hatukufundishwa hivyo. Behewa likitoka relini hata stesheni ndogo ambako hakuna aliyeumia, watu huulizwa. Nani aliweka pointi? Reli ilikaguliwa lini? Breki zilipimwa? Nani alitoa ruhusa? Kila ajali ina sababu yake, na mara nyingi ina sababu tatu au nne zilizokutana siku moja. Ukiondoa moja tu, ajali haiji.

Wala hatusemi kwamba reli haina msiba. Tarehe 30 Januari 1993, usiku, gari la moshi la abiria la kwenda Mombasa lilitumbukia mtoni huko Ngai Ndethya, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamelivunja daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Nasi hatukusema tu kwamba ajali haina kinga. Kinga ya daraja ni kukaguliwa wakati wa mvua.

Tazameni pia barabara. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa, mbele ya Salgaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Baadaye serikali ilijenga ukuta wa kutenganisha gari zipandazo na zishukazo katika kipande kile. Mlima ni ule ule, malori ni yale yale. Kilichoongezwa ni kinga. Basi kinga ipo. Swali ni nani ataiweka.

Katika barabara za Kenya miaka hii ya karibuni wanakufa watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba duniani pote hakuna kitu kiuacho watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani. Malaria haiwapati hao kama barabara inavyowapata.

NI NINI HASA KINACHOMUUA ABIRIA?

Wengi wadhani kwamba mtu huuawa na kugongana kwa magari. Si hivyo kabisa. Mara nyingi huuawa na kugongana kwa pili, yaani pale mwili wake unapogonga kitu ndani ya gari, au unaporushwa nje.

Ninyi mliofanya kazi ya kupanga mabehewa yadi mnalijua jambo hili kwa macho yenu. Behewa likisukumwa likagonga jingine, behewa husimama, lakini mzigo ambao haukufungwa hauna habari. Huendelea mbele mpaka ukutani. Ndiyo maana mashine ikipakiwa hufungwa kwa minyororo na kuzuiwa kwa vipande vya mataruma. Hakuna ponta ambaye angeliachia behewa lenye mashine isiyofungwa. Basi itakuwaje tufunge mashine, tumwache mtoto?

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda kilomita 50: dereva, mama, mtoto, na debe la mafuta ya kupikia. Gari likigonga mti, gari lasimama. Mtoto hajasimama bado. Ataendelea na mwendo ule ule mpaka kiti, dashibodi au kioo kimzuie. Pigo hilo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kutoka juu ya nyumba ya orofa tatu. Kwa mwendo wa kilomita 80, ambao ndio mwendo ulioruhusiwa matatu, ni sawa na kuanguka mita 25, yaani orofa nane. Hakuna mzazi hapa ambaye angemwacha mtoto acheze juu ya paa la orofa nane pasipo ukingo. Lakini twamsimamisha garini pasipo mkanda, na gari likiwa linateremka Kariandusi.

Tufikiri kidogo juu ya jina la mahali hapa. Kariandusi yajulikana ulimwenguni kwa sababu Dokta Leakey na wenziwe walichimbua hapa, tangu mwisho wa miaka ya 1920, mashoka ya mawe yaliyofanywa na watu walioishi miaka mamia ya maelfu iliyopita. Watu wale walitembea kwa miguu na watoto wao. Mwili wa binadamu uliumbwa kwa mwendo huo wa miguu. Mtu akikimbia akajikwaa, mifupa yake yaweza kustahimili. Mifupa ya kustahimili kilomita 80 hatukupewa. Kwa hiyo hapana budi tuazime nguvu za chuma na kitambaa, na hiyo ndiyo kazi ya mkanda.

Mkanda ule wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni, ulitengenezwa na fundi mmoja wa Sweden, Nils Bohlin, mwaka 1959, alipokuwa akifanya kazi Volvo. Kampuni ile haikuwazuia wengine kuutumia. Kwa hiyo leo umo katika kila motokaa, hata ile kuukuu iliyotoka Japani. Umekwisha kulipiwa pamoja na gari. Kinachobaki ni kuuvuta na kuufunga.

Ufungwe hivi. Kipande cha chini kikae juu ya mifupa ya nyonga, kisikae tumboni. Kipande cha juu kipite katikati ya bega na kifua, kisipite shingoni wala chini ya kwapa. Mama mjamzito afunge vile vile, kipande cha chini kikipita chini ya mimba. Wako wanaosema kwamba mkanda utamdhuru mtoto aliye tumboni. Kinyume chake, kinachomdhuru ni mama kupigwa na usukani au dashibodi.

MTOTO WA MAPAJANI

Sasa twafika kwenye neno gumu, maana latugusa wote. Desturi yetu ni kumpakata mtoto. Twadhani kwamba hakuna mahali salama kama mikono ya mama. Nyumbani ni kweli. Katika motokaa si kweli.

Chukueni mtoto wa kilo 10, yaani wa mwaka mmoja hivi. Gari liko kilomita 50, ligonge kitu, pua yake ikunjike nusu mita. Kwa kitambo kile kifupi mtoto huyo avuta mbele kwa uzito wa kilo 200 hivi. Gunia la mahindi ni kilo 90. Basi ni magunia mawili na zaidi. Nani kati yetu, hata wale wa genge la reli wenye mikono ya kunyanyua mataruma, awezaye kuyadaka magunia mawili yaliyorushwa kwa ghafula? Mapenzi ya mama hayana mpaka, lakini nguvu za mikono yake zina mpaka. Tena kama mama mwenyewe hakufungwa, mwili wake utakuja nyuma ya mtoto na kumbana dashibodini. Hapo mtoto amekuwa mto wa kumkinga mtu mzima.

Wengine humfunga mtoto pamoja nao ndani ya mkanda mmoja. Msifanye hivyo. Uzito wa mtu mzima utamkandamiza mtoto katika mkanda. Na watoto wawili katika mkanda mmoja hugonganisha vichwa. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Na mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa leso, amshushe kabla ya kuketi. Akiegemea kiti na mtoto yuko mgongoni, gari likipigwa kutoka nyuma mtoto ndiye atakayepondwa.

Je, tufanye nini? Wenye motokaa, na siku hizi wako wanachama wengi waliojipatia gari kwa mkopo, wapate kiti cha mtoto. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba kiti cha mtoto kikitumiwa vizuri hupunguza vifo vya watoto garini kwa asilimia 60 au zaidi. Sheria zake si ngumu.

Kwanza, mtoto mchanga atazame nyuma ya gari, asitazame mbele. Sababu ni kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa, karibu robo ya urefu wake wote, na shingo yake ni laini. Akitazama nyuma, pigo hupokewa na mgongo wote pamoja na kichwa. Kanuni mpya za Umoja wa Mataifa za viti hivyo zadai atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na akikaa hivyo zaidi ni bora zaidi.

Pili, kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule hufumuka kwa nguvu kuliko ngumi ya bondia, nao hukipiga kiti mgongoni penye kichwa cha mtoto.

Tatu, akiisha kukua atazame mbele katika kiti chenye mikanda yake mwenyewe. Akifika miaka minne au zaidi, akalie kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani pake usipite shingoni. Atumie kiti hicho mpaka afikie urefu wa sentimita 135 angalau. Nchi nyingine husema 150. Msitazame miaka tu, tazameni mkanda unapita wapi.

Nne, watoto wote wakae nyuma mpaka wapite miaka 12.

Tano, anayenunua kiti cha mtumba atazame kama kina ufa, kama mikanda yote ipo, na kama kina ile alama ya herufi E ndani ya duara. Kiti kilichokwisha kupata ajali hakifai tena, hata kikionekana kizima. Usikinunue kwa mtu asiyeweza kukuambia kilitoka wapi.

Na kwa kuwa tumetaja watoto, tuongeze mawili. Usimwache mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa, hata dakika chache za kuingia dukani. Jua la Nakuru huligeuza gari kuwa jiko. Na usiache jembe, mtungi wa gesi au jiwe la kuzuia gurudumu nyuma ya viti bila kufungwa. Tumekwisha kusema kwamba mzigo usiofungwa hauna habari.

SISI TUSIO NA MOTOKAA

Lakini wengi wetu hatuna gari. Twapanda matatu. Je, haya yote ni ya matajiri?

Hapana. Kumbukeni mwaka 2004. Mzee John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi alitoa kanuni ambazo watu waliziita sheria za Michuki. Kila kiti cha matatu kiwe na mkanda, gari liwe na spidi gavana lisipite kilomita 80, matatu ndogo ichukue abiria 14 tu, na iwe na mstari wa manjano. Siku za kwanza matatu ziligoma na watu wakatembea kwa miguu. Kisha mikanda ikatiwa. Iliwezekana.

Lakini leo tazameni mikanda ile. Mingine imekatika, mingine haina pa kuchomeka, mingine ina uchafu hata mtu huona haya kuuweka juu ya shati la kanisani. Kondakta hupiga kelele, "Fungeni mikanda, polisi wako mbele!" Wote hufunga. Polisi wakipita, wote hufungua. Yaani mkanda umekuwa wa kumkinga mtu na faini ya shilingi 500, si wa kumkinga na kifo.

Tena kanuni zile za Michuki zilitaka madereva na makondakta waajiriwe kwa kudumu na kulipwa mshahara wa mwezi. Hapa ndipo chama kinapohusika hasa. Dereva anayetakiwa na mwenye gari kuleta fedha kadha kila jioni, na chake ni kile kinachobaki, atakwenda mbio hata ukimhubiria mwaka mzima. Atachukua mtu wa kumi na tano, na wa kumi na sita. Atakaa usukanini tangu saa kumi za alfajiri mpaka saa nne za usiku. Huyo si adui yetu. Ni mfanyakazi mwenzetu asiye na masharti ya kazi. Tukidai usalama wa watoto wetu, tudai na mshahara wake na saa zake za kulala.

Hata hivyo abiria naye ana nguvu, na nguvu hiyo imepimwa. Mwaka 2008 wataalamu wawili, Habyarimana na Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya. Vibandiko vilimwambia abiria aseme akiona dereva anaendesha vibaya. Hakukuwa na chombo chochote kipya ndani ya gari, ni karatasi tu. Gari zilizobandikwa zikalinganishwa na zile zisizobandikwa, na madai ya bima yakapungua kwa nusu au hata zaidi ya nusu. Baadaye kazi hiyo ikaendelea kwa jina la Zusha. Ndugu, ninyi ni watu wa chama. Jambo hili lisiwashangaze. Mtu mmoja akisema "Dereva, punguza mwendo," huambiwa anunue gari lake. Watu watano wakisema kwa sauti moja, dereva hupunguza.

Basi mama mwenye mtoto akipanda matatu, afanye hivi. Mtoto aketiye mwenyewe alipiwe kiti chake afungwe mkanda wake. Twajua nauli ni nzito, lakini matanga ni mazito zaidi. Kama ni mchanga na hakuna kiti cha kumfaa, mama asikae mbele karibu na dereva. Akae katikati ya gari, ajifunge yeye kwanza, na mtoto amshike nje ya mkanda. Hatusemi kwamba hii ni salama. Twasema ni hatari iliyopunguzwa. Na gari likijaa kupita kiasi, ashuke, angoje jingine. Sisi tuliopo stejini tumuunge mkono, tusimwambie anachelewesha watu.

Kuhusu gari za shule, wazazi wasitazame rangi ya manjano tu. Siku moja asubuhi amka ukalitazame gari lenyewe. Wahesabu watoto. Ihesabu mikanda. Hesabu hizo mbili zisipolingana, nendeni wazazi watatu au wanne kwa mwalimu mkuu, mkaseme kwa adabu, na mrudi tena wiki ijayo. Vile vile mtoto hafai kubebwa mbele ya bodaboda juu ya tangi, wala watatu nyuma yake.

PIKAPU, LORI NA KREISI

Tuseme na neno juu ya njia ya reli ikatapo barabara. Gari la moshi lenye mzigo, hata dereva akivuta breki zote, laweza kuhitaji kilomita nzima kabla ya kusimama. Wala haliwezi kukwepa. Kwa hiyo mwenye motokaa ndiye apaswaye kusimama. Simama, zima redio, waambie watoto wanyamaze, tazama huku na huku, sikiliza. Usiingie relini mpaka uone nafasi ya kutokea upande wa pili. Na gari likizimika juu ya reli, kwanza watoe watu wote, watoto mbele, waende mbali. Gari hununuliwa jingine.

Na lililo kubwa zaidi ni malori na pikapu za kuchukua watu. Wengi wa jamaa zetu huenda mashambani, machimboni na harusini wamesimama nyuma ya lori. Hapo hakuna kiti, hakuna mkanda, hakuna paa. Lori likiyumba tu, bila kugonga kitu, watu humwagika kama makaa. Waajiri wanaochukua wafanyakazi kwa namna hiyo waambiwe kwamba kubebwa kwenda kazini ni sehemu ya kazi. Jambo hili liwekwe katika maafikiano, pamoja na posho na nguo za kazi.

Na sisi wenyewe tujichunguze. Mwanachama akifa, tawi hukodi gari la kwenda mazishini. Kwa kutaka kupunguza gharama, watu 30 huingia katika gari la watu 14. Twaenda kumzika mmoja; tusiwazike wengine njiani.

GADI WA KILA GARI

Sasa tuna shauri moja la kutoa, nalo latoka katika kazi yetu wenyewe.

Katika gari la moshi la abiria, dereva hakuwa na ruhusa ya kuondoka kwa kuwa tu injini ilikuwa tayari. Alikuwako gadi. Gadi alitazama milango, alitazama breki, alitazama watu waliokuwa bado wakipanda, mzee na mama mwenye watoto. Akiisha kuridhika ndipo alipoonyesha bendera ya kijani, au taa ya kijani usiku. Hata stesheni masta hakuweza kumlazimisha kuonyesha kijani kama mlango ulikuwa wazi.

Motokaa haina gadi. Hilo ndilo pengo. Dereva anatazama mbele, kondakta anatazama nauli, abiria anatazama simu. Hakuna anayemtazama abiria mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo twaleta haya mbele ya tawi yapigiwe kura:

1. Kila gari litakalokodiwa na tawi, kwa mazishi, mkutano au michezo, liwe na gadi wake, mwanachama aliyetajwa jina. Gari lisiondoke mpaka gadi ahesabu watu na mikanda, na aone kila mtoto yuko katika kiti chake. Abiria wakizidi viti, gadi akatae, na tawi limuunge mkono.

2. Katika gari la nyumbani gadi awe mama, au mtoto mkubwa. Mtoto wa miaka kumi akipewa kazi hiyo ataifanya kwa bidii kuliko askari, na baba mwenyewe asipofunga mkanda atamwambia.

3. Chama chetu cha akiba na mikopo kiombwe kitoe mkopo mdogo wa viti vya watoto, na tawi lijaribu kununua viti vichache vya kuazimana. Mtoto hukua upesi; kiti alichokiacha wa mmoja kimfae wa mwenziwe, maadamu twajua hakijapata ajali. Katibu akiandike katika daftari.

4. Katibu awaandikie wenye matatu za steji zetu juu ya mikanda iliyokatika, aende pamoja na wajumbe wa madereva, ili dereva ajue kwamba twasema pamoja naye, si juu yake.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Mmoja atasema safari ni fupi, ni hapa na Gilgil tu. Ajali haiulizi tiketi yako ni ya wapi. Wa pili atasema siku ya mtu ikifika imefika. Twamjibu kwa heshima: wewe hulala umefunga mlango, na ukiugua huenda hospitali, kwa nini garini tu ndipo usitumie akili uliyopewa? Wa tatu atasema akiwa amefungwa hataweza kutoka gari likiungua. Mtu aliyefungwa mara nyingi bado ana fahamu, aweza kujifungua kwa kidole kimoja. Aliyepigwa kichwa hawezi kutoka hata mlango ukiwa wazi.

Ndugu zangu, mtoto hawezi kudai. Hana kura katika mkutano huu, hana kadi ya chama, hana nauli mkononi. Hawezi kumwambia dereva apunguze mwendo. Hata hajui kwamba pana hatari. Yeye afurahi tu kuona miti inakwenda nyuma. Chama kilianzishwa kwa ajili ya mtu ambaye sauti yake peke yake haisikiki. Basi katika kila gari yumo mtu wa namna hiyo, naye ndiye mdogo kuliko wote.

Mwenyekiti sasa apokee maswali, kisha tupige kura. Umoja ni nguvu.